Sanaa ya Kusokota Mpira: Kriketi, Udongo wa Kirinyaga na Msamiati Unaotafutwa

Makala haya yananuia kumfafanulia msomaji wa Kiswahili sanaa moja ndogo iliyomo ndani ya mchezo wa kriketi, nayo ni sanaa ya kuurusha mpira kwa kuusokota. Huenda msomaji akashangaa kuikuta mada ya namna hii katika jarida la chama chetu, ambalo kurasa zake zimezoea uhakiki wa riwaya, fonolojia na yale malumbano yasiyokwisha kuhusu ushairi huru. Nina sababu mbili za kuileta hapa.

Ya kwanza ni ya nafsi. Mimi ni mchezaji wa kriketi wa ridhaa, nisiyelipwa wala kutarajia kulipwa, na katika mchezo huu napenda msokoto kuliko kitu kingine chochote. Niliuanza nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, na tangu hapo silishiki chungwa bila kulizungusha vidoleni. Sababu ya pili inatuhusu sote. Kila likizo nirudipo nyumbani Kerugoya, huwafundisha watoto kumi na wawili hivi, wavulana kwa wasichana, katika kipande cha ardhi kilicho kando ya mibuni. Tunatumia mpira wa tenisi uliofungwa utepe wa mafundi umeme, na kreti ya soda badala ya vijiti. Kikwazo changu kikubwa hakijawa uga wala vifaa. Kimekuwa maneno. Nikitaka kumweleza mtoto namna kifundo cha mkono kinavyopaswa kugeuka, najikuta nimehamia Kiingereza, naye hunitazama kwa heshima, kama amtazamavyo mwalimu wa hisabati, bila kusogea hata hatua moja mbele. Kuhamia Kigikuyu hakufai, kwa kuwa huko nako maneno hayo hayapo, na baadhi ya watoto hao wazazi wao ni watumishi waliohamishiwa kwetu kutoka magharibi mwa nchi. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha. Basi Kiswahili kikikosa neno, sisi sote tunalikosa.

Mchezo wenyewe kwa ufupi

Kwa msomaji asiyeujua mchezo, haya yatatosha. Timu mbili za wachezaji 11 huchuana. Katikati ya uga pana ukanda wa ardhi iliyoshindiliwa, wenye urefu wa mita 20.12. Katika kila mwisho wa ukanda husimikwa vijiti vitatu, na juu yake hulazwa vijiti viwili vidogo. Jumla yake huitwa wiketi. Mpigaji hulinda vijiti vyake kwa gongo, na akiupiga mpira hukimbia hadi upande wa pili na kujipatia mikimbio. Mrushaji hurusha mipira sita, fungu linaloitwa ova, kisha humpisha mwenzake arushe kutoka mwisho wa pili. (Mshairi wa kimapokeo atafurahi kuona kwamba ova ni tasdisa.) Mpira ni wa ngozi, una uzito wa gramu kati ya 155.9 na 163, na umezungukwa na mshono uliotokeza. Mshono huo ndio roho ya yote nitakayoyaeleza.

Kanuni moja ni lazima itajwe mapema, kwa maana ndiyo inayowasumbua wanafunzi wangu wote: mrushaji hatupi mpira kama atupaye jiwe. Huuzungusha mkono mzima kutoka begani, na kiwiko hakiruhusiwi kukunjuka ghafla mpira unapoachiliwa. Tangu mwaka 2005 Baraza la Kimataifa la Kriketi limeruhusu kiwiko kinyooke kwa nyuzi zisizozidi 15. Mtoto wa Kerugoya aliyekulia katika kuangusha maembe kwa mawe huhitaji wiki nzima kuusahau mkono wake wa zamani.

Warushaji ni wa aina mbili. Wapo wa kasi, ambao mpira wao hupita kilomita 140 kwa saa, na wapo wa msokoto, ambao hurusha kwa kilomita 75 hadi 95 hivi. Wa kwanza humshinda mpigaji kwa kumnyima muda. Wa pili humpa muda, kisha humwacha ajichanganye mwenyewe ndani ya muda huo. Ndiyo maana nasema sanaa hii ni jamaa ya vitendawili. Pwani mtegaji husema "Kitendawili!", na hadhira hujibu "Tega!" Kwetu husemwa "Gwata ndai", na ajibuye husema "Ndagwata". Mrushaji wa msokoto hutega kwa kifundo cha mkono wake, hadharani, mbele ya macho ya mpigaji. Dalili zote zimo mkononi. Mpigaji ana muda usiotimia sekunde moja wa kutegua kabla mpira haujatua, na akikosea hana wa kumlaumu.

Kidole, kifundo na kinyume

Kuna njia kuu mbili za kusokota. Njia ya kwanza hutumia vidole. Mrushaji wa mkono wa kulia huukumbatia mshono kwa kidole cha shahada na kile cha kati, na wakati wa kuuachilia huuzungusha kama mtu ageuzaye kitasa cha mlango kuelekea kulia. Mpira ukigusa chini humwingilia mpigaji wa mkono wa kulia, ukitoka upande wa nje kuja mwilini. Huu nitauita msokoto wa vidole. Ni rahisi kiasi kuudhibiti, na walimu wengi huanza nao.

Njia ya pili hutumia kifundo cha mkono. Hapa kazi kubwa hufanywa na kidole cha pete, ambacho hukunjwa na kuegemezwa kwenye mshono. Kifundo nacho huanza kikiwa kimekunjwa, kisha hufyatuka. Mpira huzunguka kuelekea kushoto, na ukitua hukimbia kutoka miguuni mwa mpigaji kwenda nje. Huu ni msokoto wa kifundo, na ndio ninaoushughulikia mimi. Ni mgumu kupita kiasi. Kifundo kikichelewa kidogo tu, mpira hutua katikati ya ukanda na mpigaji huupeleka anakotaka. Kikiwahi, mpira humpita kichwani. Warushaji wa aina hii kwa hiyo ni wachache popote duniani, na timu nyingi huwaogopa wao wenyewe karibu sawa na zinavyowaogopa wapinzani.

Faida ya ugumu huo ni kwamba kifundo kinaweza kudanganya. Mwaka 1900 Mwingereza Bernard Bosanquet alianza kutumia katika mechi rasmi mpira ambao mkono unaonyesha unakwenda nje, lakini ukitua unaingia ndani. Siri yake ni kukizungusha kifundo kupita kawaida, hata mgongo wa kiganja ukamtazama mpigaji. Inasimuliwa kuwa aliugundua akicheza mchezo wa kudundisha mpira mezani ili mwenzake wa upande wa pili asiudake. Mpigaji wa kwanza kunaswa nao katika uwanja wa Lord's, London, alitolewa na mpira uliodunda mara nne kabla ya kumfikia! Waingereza waliuita gugli, na Waaustralia wakaupa jina la mgunduzi wake. Karibu miaka mia moja baadaye Saqlain Mushtaq wa Pakistani aliutangaza ulimwenguni mpira wa namna hiyo kwa upande wa vidole, nao ukaitwa dusra. Neno hilo ni la Kiurdu na Kihindi, na maana yake ni "wa pili" au "ule mwingine". Leo watangazaji wa Uingereza na Australia hulitamka bila kulitafsiri. Jambo hili nitalirudia.

Kazi ya hewa na kazi ya udongo

Wengi hudhani kwamba msokoto huanza kazi mpira unapotua. La hasha. Mpira uzungukao huburuta hewa upande mmoja na kuipinga upande wa pili, na tofauti hiyo huusukuma mpira nje ya njia yake. Mwanafizikia Mjerumani Heinrich Gustav Magnus alilichunguza jambo hili katikati ya karne ya 19, na nguvu yenyewe inaitwa kwa jina lake. Mpira uliosokotwa kwenda mbele huzama ghafla kabla ya kumfikia mpigaji, naye hujikuta amenyoosha gongo mahali ambapo mpira haupo. Mpira wa msokoto wa kifundo hukengeuka hewani kuelekea miguuni mwa mpigaji, kisha ukitua hurudi upande wa pili. Harakati mbili zinazopingana katika mpira mmoja: hapo ndipo penye uhondo wote. Mfano unaotajwa zaidi ni ule wa tarehe 4 Juni 1993 katika uwanja wa Old Trafford, Manchester. Shane Warne wa Australia, katika mpira wake wa kwanza kabisa kwenye mechi ya majaribio dhidi ya Uingereza katika ardhi ya Uingereza, aliukengeusha mpira hadi nje ya miguu ya Mike Gatting, ukatua, ukapita mbele ya gongo lake na kugonga kijiti cha upande wa pili. Warne alifariki mwezi Machi 2022, akiwa ameacha wiketi 708 za mechi za majaribio. Anayemzidi ni Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka pekee, mwenye 800, naye pia ni wa msokoto.

Sisi wa Mlima Kenya tuna hasara kidogo katika suala la hewa. Kerugoya iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Hewa nyepesi husukuma kidogo, kwa hiyo mkengeuko wetu ni mdogo. Anayejifunza kwetu hulazimika kutegemea zaidi kile kinachotokea chini.

Na chini tumebarikiwa. Msomaji anayeifahamu Kirinyaga anajua kwamba ukiteremka kutoka mashamba ya chai, ukapita kahawa ya Kerugoya na Kutus hadi mpunga wa Mwea, unabadilisha udongo njiani. Juu ni udongo mwekundu wa volkano. Chini ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaonata viatu wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. India, ambako ndiko makao makuu ya msokoto ulimwenguni, watayarishaji wa uga hubishana kuhusu udongo wa aina hizi mbili. Ukanda wa udongo mwekundu hudundisha mpira juu zaidi, na ukikauka humomonyoka, mpira ukageuka kwa ukali. Ukanda mweusi huhifadhi unyevu, mpira hutoka chini chini na polepole. Nimejaribu yote mawili. Kerugoya mpira wangu humrukia mpigaji kifuani. Mwea, kwenye kijia cha kando ya mfereji, mpira uleule hutambaa. Wilaya moja ya zamani, dunia mbili za kriketi, na hakuna hata uga mmoja rasmi wa mchezo huu. Nyeri na Nanyuki zina viwanja vya gofu. Kriketi ilibaki Nairobi na Mombasa, mikononi mwa vilabu vilivyojengwa kwa sehemu kubwa na Wakenya wenye asili ya Kihindi.

Wakenya waliotegua na waliotega

Hata hivyo historia ya msokoto nchini si ya kubeza. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, Kenya iliyopata mikimbio 166 tu iliishinda West Indies katika Kombe la Dunia kwa kuwatoa wote kwa mikimbio 93. Nahodha Maurice Odumbe, mrushaji wa msokoto wa vidole, alitwaa wiketi 3 kwa mikimbio 15. (Mwaka 2004 alifungiwa miaka mitano kwa kuhusiana na wachezesha kamari, na tangu hapo ni vigumu kumtaja bila kusita.) Tarehe 24 Februari 2003, katika uwanja wa Gymkhana jijini Nairobi, Collins Obuya alitwaa wiketi 5 kwa mikimbio 24 dhidi ya Sri Lanka, na Kenya ikashinda kwa mikimbio 53. Obuya alikuwa kijana aliyewahi kuuza nyanya, na alisokota kwa kifundo. Upande wa pili wa uga siku hiyo alikuwapo Muralitharan mwenyewe. Kwa bahati mbaya msokoto wa Obuya ulififia miaka iliyofuata, akageuka kuwa mpigaji, na mwaka 2011 alifikisha mikimbio 98 bila kutolewa dhidi ya Australia. Wengi humpongeza kwa mikimbio hiyo. Mimi bado naiomboleza mikono yake ya 2003.

Lakini kama ningeruhusiwa kumwonyesha mwanafunzi mechi moja tu, ningechagua ile ya Durban ya tarehe 15 Machi 2003. Kenya ilicheza na Australia, mabingwa watetezi ambao baadaye walilitwaa tena kombe hilo. Kenya ilikuwa na mikimbio 174, hesabu ambayo Australia ingeimaliza kabla ya chai. Ndipo akaingia Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, mwenye umri wa miaka 39, aliyekuwa amestaafu na kuitwa arudi. Alirusha ova 8 na mipira 2, akatoa mikimbio 7 tu, akatwaa wiketi 3: Ricky Ponting, Darren Lehmann na Brad Hogg. Ova 6 kati ya hizo hazikuzaa mkimbio hata mmoja. Australia ilishinda, lakini tuzo ya mchezaji bora ilikwenda kwa mshindwa. Karim alikuwa msokotaji wa vidole wa mkono wa kushoto, na ukitazama kwa makini utaona kwamba mipira yake mingi haikugeuka sana. Alichobadilisha ni kasi na kimo. Mmoja juu kidogo, mmoja chini kidogo, na wapigaji bora duniani wakabaki wanasubiri mgeuko ambao haukuja. Kitendawili kizuri zaidi ni kile ambacho jibu lake ni la wazi.

Siku tano baadaye Kenya ilicheza nusu fainali na India, ikashindwa. Mwaka 2014 ilipoteza hadhi yake ya mechi za kimataifa za siku moja. Leo jirani zetu ndio wanaotajwa: Uganda ilifika Kombe la Dunia la ova 20 mwaka 2024, na huko Guyana Frank Nsubuga, akiwa na miaka 43, aliirushia Papua New Guinea ova 4 kwa mikimbio 4 na kutwaa wiketi 2. Naye ni wa msokoto wa vidole. Miaka 39, miaka 43. Huu ni mchezo unaomsubiri mtu, na kwa mwanafunzi wa uzamili anayekaribia miaka thelathini hilo si jambo dogo.

Katika ukanda wetu wa mlima mfano ulio karibu zaidi ni wa Laikipia, upande wa pili wa mlima kutoka Kerugoya. Huko vijana wa Kimaasai waliunda timu iliyojulikana ulimwenguni kama Maasai Cricket Warriors, hucheza wakiwa wamevaa shuka na shanga, na mwaka 2012 walisafiri hadi Cape Town kushiriki mashindano. Hutumia mchezo huo kuhamasisha jamii dhidi ya ukeketaji na ndoa za mapema. Wamekuwa wakieleza mchezo kwa mkuki na ngao: kurusha mpira ni kurusha mkuki, na kulinda vijiti ni kujikinga kwa ngao. Watazamaji wa ng'ambo hupenda picha za shuka. Mimi huvutiwa zaidi na ule mfano wa mkuki na ngao, kwa sababu hapo ndipo mchezo ulipopata lugha ya wenyeji.

Suala la maneno

Nirudi basi kwenye msamiati. Watangazaji wetu wametupa maneno machache yanayofaa: mikimbio, mrushaji, mpigaji. Wiketi na ova zimekwishakuwa Kiswahili. Gongo lina matata, kwa kuwa magongo yameshachukuliwa na mchezo mwingine, na Mtanzania akilisikia huwazia pombe. Bati ni baya zaidi. Mtoto wa Kerugoya hutazama juu ya paa. Nimebaki na gongo kwa kukosa jingine.

Wapo watakaosema kwamba kubuni maneno ni anasa, kwamba wachezaji watakopa watakavyo. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Tazama soka: penalti na kona ni za kukopa, ilhali kuotea ni letu, na hakuna shabiki anayeteseka. Marehemu Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, anayetambuliwa na wengi kwa neno runinga, hakulifuta neno televisheni, alituongezea. Na dusra inatufundisha kwamba lugha isiyo Kiingereza inaweza kuupa mchezo huu neno na dunia ikalipokea, mradi wachezaji wa lugha hiyo walitamke kwanza wao wenyewe bila aibu.

Kwa ule mpira wa Bosanquet napendekeza jina kinyume. Vijana wa pwani wana kinyume chao, ile lugha ya siri ya kugeuza silabi ili asiyehusika asielewe. Anayesikiliza husikia Kiswahili lakini maana imekwenda upande mwingine. Mpira huo hufanya vivyo hivyo. Nililijaribu neno hili likizo iliyopita. Nilipokuwa nikisema kwa Kiingereza, hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza kwa nini mpira ule una jina lile. Niliposema "sasa narusha kinyume", msichana wa miaka kumi aliyekuwa akilinda kreti alisogea nusu hatua kabla sijarusha, na kunitazama kifundo.

Mahali mpira unapotua nimepaita kituo, na wanafunzi wa ushairi watanisamehe. Mpira uliorushwa juu ukaonekana kama umesita hewani, watoto wenyewe wameuita mpira wa kungoja, nami nimeliandika neno hilo daftarini kama nilivyolisikia. Lililobaki ni lile la mpira kuhama njia hewani kabla ya kutua. Katika makala haya nimetumia mkengeuko, lakini uwanjani linawachekesha, wanasema linafanana na neno la kasisi. Kupepesuka walilipenda, ila apepesukaye hana mwelekeo, na mpira huu unajua unakokwenda. Msomaji mwenye neno linalofaa na alilete kwa mhariri kabla ya likizo ya Desemba.